James Lansing: fundi aliyeacha herufi zake tatu kwenye bafle, akafa na madeni

BUNIA – Kwenye maduka ya barabara kuu ya Libération na katikati ya soko kuu la Bunia, herufi J, B na L zinaonekana kila mahali. Zimebandikwa kwenye bafle ndogo za kubeba mkononi, kwenye bafle kubwa za makanisa na za matanga, hata kwenye masanduku ya mbao yaliyotengenezwa na mafundi wa mtaani. Nyingi kati yake hazikutoka kwenye kampuni yenyewe. Zimepita mpaka wa Mahagi au ziwa Albert pamoja na bidhaa zingine, zikiwa na jina la kuigiza. Lakini wauzaji na wanunuzi wanajua kwamba jina hilo huongeza bei.

Wachache tu wanajua kwamba herufi hizo ni jina la mtu. Aliitwa James Bullough Lansing. Alizaliwa maskini, alipenda chuma na waya kuliko pesa, alianzisha kampuni mbili, akapoteza ya kwanza pamoja na haki ya kutumia jina lake kwa uhuru. Alikufa mwaka wa 1949 akiwa na umri wa miaka 47, kabla dunia haijajua jina la JBL. Watu wanaokusanya bafle za zamani, huko Marekani, Ulaya na Japani, bado wanabishana mpaka leo ni bafle gani iliyo bora: ile ya kampuni yake ya kwanza au ile ya pili. Zote mbili zilitoka mikononi mwake.

Mtoto wa mchimba makaa

Lansing alizaliwa tarehe 14 mwezi wa kwanza mwaka wa 1902, wilayani Macoupin, jimbo la Illinois, katikati ya Marekani. Jina alilopewa na wazazi ni James Martini. Baba yake alifanya kazi kwenye machimbo ya makaa ya mawe, na kazi hiyo iliilazimisha familia kuhama mara kwa mara, jambo ambalo familia za machimbo ya Mongbwalu na Kilo zinalifahamu vizuri. Nyumba ilikuwa na watoto wengi, zaidi ya kumi. Kwa muda fulani James alilelewa na familia nyingine, jamaa ya Bullough, na baadaye akachukua jina hilo likawa lake la kati.

Tangu utoto alichezea umeme. Akiwa na umri wa miaka kama 10 alitengeneza chupa ya kuhifadhi umeme, akaitumia kuwatisha watoto wenzake. Miaka michache baadaye alikusanya vipande vya vyombo vilivyotupwa na kutengeneza mashini ya kurusha mawimbi ya redio. Hakusomea chuo kikuu. Alifundishwa ufundi wa magari, na alitumwa Detroit, mji wa viwanda vya magari, kujifunza zaidi. Mtu aliyekuja kusifiwa na mainjinia wa dunia nzima alianzia chini ya gari, akiwa na ufunguo mkononi na mafuta kwenye nguo.

Mwaka wa 1924 mama yake alifariki. James alikuwa na miaka 22. Aliondoka nyumbani akaelekea magharibi, mpaka mji wa Salt Lake City. Huko alifanya kazi za redio, wakati redio yenyewe ilikuwa kitu kipya. Huko pia alimpata Glenna, aliyekuwa mke wake, na Ken Decker, kijana aliyejua biashara. Ndoa ilimpa nyumba. Urafiki na Decker ulimpa kile alichokosa maishani: mtu wa kushika daftari la hesabu wakati yeye anashika vyombo.

Karakana ya Los Angeles

Lansing na Decker walihamia Los Angeles, na mwezi wa tatu mwaka wa 1927 waliandikisha kampuni yao, Lansing Manufacturing Company. Ni wakati huo James aliacha jina la Martini na kujiita Lansing. Walianza kidogo, wakitengeneza bafle za inchi 6 na inchi 8 za kuweka ndani ya redio za nyumbani. Ndugu zake wengine walikuja kufanya kazi pamoja naye.

Ili kuelewa kazi yake, inafaa kujua bafle inafanya nini. Ndani ya kila bafle kuna sumaku. Mbele ya sumaku kuna koili, ni waya uliozungushwa mara nyingi, na koili hiyo imegandishwa kwenye konu ya karatasi. Umeme unaotoka kwenye ampli ukipita ndani ya koili, sumaku inaivuta na kuisukuma. Konu inasukuma hewa, na hewa ndiyo inayofika sikioni. Kila kitu kinategemea usahihi: nafasi kati ya koili na sumaku ikiwa kubwa mno, nguvu inapotea, ikiwa ndogo mno, koili inakwaruza na sauti inaharibika.

Hapo ndipo Lansing aliwapita wengine. Badala ya waya wa duara, alitumia waya bapa kama utepe, akauzungusha ukiwa umesimama kwa ukingo wake. Kwa njia hiyo chuma kingi kiliingia katika nafasi ndogo bila kuacha matundu ya hewa, na umeme ule ule ulitoa sauti kubwa zaidi. Kuzungusha waya wa namna hiyo bila kuukunja ni kazi ngumu. Lansing aliunda mwenyewe mashini za kuifanya.

Sinema inapoanza kusema

Mwaka ule ule wa 1927, sinema ya Marekani ilianza kusema. Kabla ya hapo watu walitazama picha huku mtu akipiga kinanda ukumbini. Sasa kumbi zilihitaji bafle zenye nguvu, na Los Angeles ndiyo ilikuwa makao makuu ya biashara hiyo.

Bafle za kwanza za sinema zilikuwa na shida. Sauti nzito, yaani besi, ilipita ndani ya pembe ndefu iliyokunjwakunjwa, na sauti nyembamba ilipita ndani ya pembe fupi. Sauti husafiri karibu meta 340 kwa sekunde. Pembe moja ikiizidi nyingine kwa meta chache, sauti ya pembe ndefu inachelewa kidogo. Muziki wa taratibu ulificha kasoro hiyo. Lakini mcheza dansi alipogonga kiatu chake sakafuni, mgongo mmoja ulisikika kama migongo miwili.

Douglas Shearer, mkuu wa idara ya sauti kwenye kampuni ya filamu ya MGM, alitaka suluhisho. Injinia wake John Hilliard alikusanya watu, na kampuni ya Lansing ikapewa kazi ya kutengeneza vyombo vya ndani: bafle za inchi 15 za besi, na kifaa cha kusukuma sauti nyembamba ndani ya pembe yenye vyumba vingi. Pembe ya besi ilifupishwa, safari za sauti mbili zikalingana kwa karibu, na mgongo wa kiatu ukawa mmoja tena. Mtambo huo ulipewa jina la Shearer, na Chuo cha Sinema cha Marekani kiliupa tuzo ya ufundi kwa mwaka wa 1936. Katika hadithi hiyo jina la Lansing halikuwa mbele. Lakini mafundi walijua ni nani aliyetengeneza moyo wa mashini.

Mwaka wa 1937 Lansing alitoa bafle iliyoitwa Iconic. Ilifuata wazo lile lile la kugawanya sauti kati ya besi na pembe ndogo, ila iliwekwa kwenye sanduku linaloweza kuingia ndani ya chumba. Studio ziliipenda. Bafle nyingi zilizofuata, za studio na za sebuleni, zina deni kwake.

Kifo cha Decker

Mwaka wa 1939 Ken Decker alikufa katika ajali ya ndege wakati wa mazoezi ya jeshi. Kwa kampuni ya Lansing hilo lilikuwa pigo kubwa. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa Lansing daftari lilikuwa Decker. Yeye mwenyewe aliweza kukaa usiku mzima akirekebisha koili moja, lakini hakuwa na mkono wa hesabu. Katika miaka miwili tu, kampuni ilikuwa kwenye shida ya pesa.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1941, siku chache kabla Marekani haijaingia vitani, Altec ilinunua kampuni ya Lansing. Altec ilizaliwa kutoka idara iliyotunza mitambo ya sauti kwenye kumbi za sinema, na ilihitaji kiwanda. Kampuni mbili zikawa moja, kwa jina la Altec Lansing. James alipewa cheo cha makamu wa mkurugenzi mwenye kusimamia ufundi, na mkataba wa miaka mitano.

Kwa kazi, miaka hiyo mitano ilizaa matunda. Wakati huo ilitoka bafle inayojulikana kwa namba 604, ambamo kifaa cha sauti nyembamba kimewekwa katikati ya bafle ya inchi 15, kwenye mhimili mmoja, kama jicho ndani ya uso. Mwaka wa 1945 ulileta mitambo ya sinema iliyopewa jina la Sauti ya Ukumbi, iliyokuja kujaa kwenye kumbi za nchi nyingi. Lakini Lansing hakuwa tena mwenye kiwanda. Alikuwa mfanyakazi ndani ya nyumba yenye jina lake mlangoni. Mkataba ulipoisha mwaka wa 1946, aliondoka.

Jina linagombaniwa

Alianzisha kampuni ya pili, akaiita Lansing Sound. Altec ikapinga. Ilikuwa imenunua kampuni, na pamoja na kampuni ilinunua jina. Mtu aliyejichagulia jina la Lansing akiwa kijana sasa aliambiwa kwamba jina hilo si lake peke yake. Baada ya mabishano walikubaliana: angeweza kutumia jina lake lote, James B. Lansing, ili wanunuzi wasichanganye kampuni hizo mbili. Herufi tatu za leo zinatoka katika mapatano hayo.

Bafle yake ya kwanza kwenye kampuni mpya, D101, ilifanana sana na ile aliyoifanyia Altec. Kisha ikaja D130, na hiyo ilikuwa kitu kingine. Ilikuwa na kipenyo cha inchi 15, sawa na sentimeta 38. Koili yake ilikuwa na kipenyo cha inchi 4, kubwa kuliko kawaida ya wakati huo, iliyozungushwa kwa waya bapa. Sumaku yake ilikuwa ya kudumu, ya mchanganyiko mpya wa vyuma uitwao Alnico, ambao haukuhitaji umeme wa pekee kama sumaku za zamani.

Bafle mbili, fundi mmoja

Wapenzi wa vyombo vya zamani wanapoweka Altec 604 na JBL D130 pembeni moja kwa nyingine, wanasikiliza mawazo mawili ya mtu mmoja.

Ile 604 ni bafle ya kuchunguza. Kwa sababu sauti nzito na nyembamba zinatoka sehemu moja, sikio linajua mwimbaji amesimama wapi na gita liko wapi. Ndiyo maana studio za kurekodi ziliishika kwa miaka mingi, na disiki nyingi za Marekani za miaka ya 1950 na 1960 zilisawazishwa mbele yake.

D130 ni bafle ya nguvu na wepesi. Kwa wati moja tu, ukisimama meta moja mbele yake, inatoa sauti ya karibu desibeli 100. Ampli za wakati huo zilikuwa za balbu, na za nyumbani zilitoa wati chache, kumi au ishirini. Bafle inayotoa sauti kubwa kwa umeme mdogo ilikuwa baraka. Ngoma ikipigwa, inajibu papo hapo. Kasoro yake ni kwamba peke yake haifiki juu kabisa kwenye sauti nyembamba, wala haishuki chini kabisa kwenye besi bila sanduku kubwa. Wapiga gita hawakuona kasoro hiyo. Leo Fender, mtengenezaji maarufu wa gita na ampli wa California, alikuwa kati ya walioichagua.

Mwaka wa 1969, kwenye tamasha la Woodstock huko Marekani, mitambo iliyosikilizwa na mamia ya maelfu ya watu ilikuwa na bafle za inchi 15 za JBL kwa besi, na pembe za Altec kwa sauti nyembamba. Kampuni mbili zilizogombania jina la mtu mmoja zilifanya kazi pamoja juu ya jukwaa moja. Mwenyewe alikuwa amekufa miaka ishirini mapema.

Mwisho wenye huzuni

D130 ilikuwa bafle bora, lakini ubora haukulipa madeni. Lansing aliendelea kuwa mtu wa karakana. Alitaka kila kifaa kitoke kikamilifu, akanunua vyuma vya bei kali, akachelewa kudai pesa zake. Kampuni ya mashini za ndege, Marquardt, ilimpa nafasi ya kufanyia kazi na kuingiza fedha, na mweka hazina wake, William Thomas, akaingia kusaidia uongozi. Mwaka wa 1949 Marquardt ilinunuliwa na kampuni nyingine isiyopenda biashara ya bafle, na Lansing akabaki tena peke yake na Thomas. Madeni yalifika karibu dola 20,000, kiasi kizito sana kwa karakana ndogo ya wakati huo.

Mwezi wa tisa mwaka wa 1949, James Lansing alijiua nyumbani kwake San Marcos, kusini mwa California, kwenye shamba lake la avoka. Alimwacha Glenna na watoto.

Watu waliofanya kazi naye walijua kwamba alikuwa na shida ya pesa. Uzito wa shida hiyo moyoni mwake ulijulikana kwa kuchelewa. Historia yake inagusa mtu yeyote aliyewahi kufunga mlango wa karakana jioni bila kujua atalipaje kesho. Deni la Lansing lilikuwa la kampuni, na kampuni lingeweza kulilipa.

Herufi tatu zinapona

Kampuni ilikuwa imemkatia Lansing bima ya maisha ya dola 10,000. William Thomas alitumia pesa hizo kuiokoa. Baadaye alinunua sehemu ya mjane wa Lansing na kuwa mwenye kampuni. Hakuwa fundi wa koili, lakini alijua hesabu. Alifanya kile ambacho Decker angefanya kama angeishi: aliacha mafundi watengeneze bafle kama Lansing alivyowafundisha, naye akatafuta wanunuzi.

Ugomvi na Altec juu ya jina haukuisha haraka. Katika miaka ya 1950 Thomas alianza kutumia herufi tatu tu, JBL, na herufi hizo zikashika. Mwaka wa 1957 kampuni ilitoa Paragon, bafle ya stereo iliyofanana na kabati kubwa la mbao lenye uso wa mviringo, ambamo upande wa kulia na wa kushoto viko ndani ya chombo kimoja. Ilitengenezwa kwa zaidi ya miaka 20, na leo wakusanyaji, hasa wa Japani, wanaitafuta kwa bei ya gari.

Mwaka wa 1969 Thomas aliuza kampuni kwa Sidney Harman. Kundi la Harman lilinunuliwa na Samsung mwaka wa 2017, kwa karibu dola bilioni 8. Kwa hiyo simu ya Samsung inayocheza muziki mfukoni mwa kijana wa Mudzipela na bafle halisi ya JBL iliyo mezani vina mwenyewe mmoja. Altec haikuwa na bahati hiyo. Ilipita mkono kwa mkono, ikafilisika katika miaka ya 1980, na jina la Altec Lansing likaishia kwenye bafle ndogo za kompyuta.

Mashariki na magharibi

Ubishi mkubwa wa bafle za nyumbani ulikuja baada ya kifo cha Lansing, lakini ulimhusu yeye. Mwaka wa 1954, upande wa mashariki wa Marekani, Edgar Villchur na Henry Kloss walianzisha kampuni ya Acoustic Research. Wazo la Villchur lilikuwa kufunga sanduku kabisa, ili hewa iliyo ndani iwe kama springi ya kurudisha konu mahali pake. Sanduku dogo likaweza kutoa besi ya chini sana. Bafle yao AR-3, ya mwishoni mwa miaka ya 1950, ilisifiwa kwa sauti tulivu, isiyopendelea upande wowote.

Bei ya wazo hilo ililipwa kwa umeme. Ili kufikia sauti sawa na bafle ya shule ya Lansing, sanduku lililofungwa lilidai nguvu ya ampli mara ishirini au zaidi. Wamarekani wakagawanyika. Wa mashariki walipenda sauti laini ya AR kwa muziki wa okestra. Wa magharibi walipenda JBL kwa gita, ngoma na sauti za watu. Mwaka wa 1970 JBL ilitoa L100, bafle ya nyumbani iliyotokana na ile ya studio, yenye uso wa sponji uliochongwa vipande vipande, mara nyingi kwa rangi ya machungwa. Iliuzwa sana, na mwaka wa 2018 kampuni ilitoa tena bafle yenye sura ile ile.

Ni nani aliyeshinda? Watu wenye kulinganisha bafle kwa haki wanafuata kanuni chache. Kwanza, bafle zote mbili lazima zicheze kwa kiwango kimoja cha sauti, kwa maana sikio hudanganywa na ile inayopiga kwa nguvu zaidi, hata kama tofauti ni ndogo. Pili, zicheze wimbo mmoja, mahali pamoja ndani ya chumba, kwa sababu bafle iliyosogezwa pembeni mwa ukuta huongeza besi isiyokuwa yake. Tatu, waya wa chanya na wa hasi ziunganishwe sawa pande zote mbili, la sivyo konu moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na besi inapotea. Nne, ukingo wa konu uchunguzwe. Bafle nyingi za miaka ya 1970 zilikuwa na ukingo wa sponji, na sponji huoza. Kufanya hukumu juu ya bafle yenye ukingo uliooza ni kama kumhukumu mkimbiaji aliyevunjika mguu.

Bunia na sauti zake

Wakati Lansing alipokuwa akihangaika na madeni, muziki wa Kongo ulikuwa unazaliwa kwenye disiki. Mwaka wa 1948 Mgiriki Nicolas Jeronimidis alianzisha kampuni ya Ngoma mjini Léopoldville, na mwaka huo huo Wendo Kolosoy alirekodi wimbo wake Marie-Louise. Mwaka wa 1952, huko Jadotville, leo Likasi, Hugh Tracey alirekodi gita la Jean-Bosco Mwenda, aliyeimba kwa Kiswahili. Disiki hizo zilihitaji bafle. Rumba ilienea kwa sababu kwenye baa, sokoni na kwenye malupango kulikuwa na sanduku lenye sumaku, koili na konu ya karatasi.

Bunia ilipoteza vyombo vingi vya namna hiyo. Katika vita vya Ituri vya miaka ya 1999 hadi 2003 nyumba ziliporwa, na redio, ampli na bafle vilikuwa kati ya vitu vya kwanza kubebwa. Familia nyingi zilikimbia zikiwa na watoto na magodoro tu. Bafle ya zamani iliyobaki katika nyumba ya mzee mmoja mmoja ni chombo kilichopona vita.

Kwa wakaaji wanaotegemea paneli za jua na betri, somo la D130 bado lina maana. Namba kubwa ya wati iliyoandikwa kwenye karatoni haisemi bafle inasikika kwa nguvu gani. Inasema tu umeme kiasi gani inaweza kupokea, na kwenye bafle za kuigiza hata hilo si la kuaminika. Namba ya kuuliza ni ile ya desibeli kwa wati moja. Bafle yenye 95 itajaza lupango kwa betri ile ile ambayo yenye 85 itachoka nayo kabla ya saa sita za usiku.

Na kwa mafundi wa Bunia, wale wanaokaa mbele ya maduka wakizungusha upya koili zilizoungua na kugandisha konu zilizopasuka, Lansing si mgeni. Alianza kama wao, na vipande vilivyotupwa. Mikono yake ilijua kazi. Alipokuwa na Decker pembeni yake, kazi hiyo ilimlisha. Alipobaki peke yake na daftari, ilimshinda. Bafle zake zimebaki, na jina lake limebaki, hata kwenye masanduku ambayo hakuyagusa. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa naye jioni ile, kufungua daftari pamoja, na kuona kwamba dola 20,000 ni nyingi, ila zinalipika.